Kisima cha Baba na Tumbo Langu

Kama umetoka hospitali juzi na mfuko umebandikwa tumboni, nakuomba usigawe nguo zako. Mimi nilizigawa. Magauni yote ya kubana kiuno niliyatoa, nikabaki na madira mawili mapana, kwa sababu nilikuwa nimeshajiamulia kwamba mwili wangu ule umekwisha. Leo hii wale niliowapa wanapita mbele ya duka letu wamependeza, wananiamkia kwa adabu, na mimi nayatazama magauni yangu yakitembea bila mimi.

Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba naandika haya kwa ajili yako, si kwa madaktari. Wao wanajua mambo yao. Mimi najua benchi, najua kusubiri, na najua inavyokuwa mama yako mzazi anapokataa kuamini kwamba maji ya nyumbani kwenu ndiyo yaliyokutoboa utumbo.

Naitwa Nuru. Ni mtu wa Bujumbura, mtaa wa Nyakabiga, katika ukoo wa wale Waarabu wa zamani walioleta vitambaa mjini hapa na wasirudi tena kwao. Tangu ndoa yangu ivunjike naishi na Mama. Asubuhi nafungua duka alilotuachia Baba, jioni narudi nyumbani tunakula pamoja na kubishana kidogo, kisha tunalala. Dada yangu mkubwa, Salha, ameolewa Mutanga Nord. Basi, watu wangu ni hao.

Uani kwetu kuna kisima. Baba alikichimbisha katika ile miaka mibaya ya vita, bomba lilipokuwa likikauka na watu wakiogopa kutoka kwenda kutafuta maji mbali. Alipofariki, Mama alikifanya kuwa sadaka yake. Kwa wasio Waislamu nieleze kidogo: sisi tunaamini kwamba mtu akifa amali zake zinakatika, isipokuwa mambo machache, na moja ni sadaka inayoendelea. Kila anayekata kiu kwenye kisima hicho, thawabu inamfikia aliye kaburini. Kwa hiyo kila siku baada ya sala ya alasiri Mama alifungua geti, watu wa mtaa wakaingia na bidoni zao, yale madumu ya njano, Mkristo kwa Mwislamu, wakateka mpaka wakatosheka. Mama alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akiwatazama. Naamini ndio wakati wa siku aliokuwa karibu zaidi na mume wake.

Sasa sikiliza kosa letu, maana sidhani kama kuna nyumba nyingine duniani ingelifanya. Maji ya bomba tuliyachemsha, kwa kuwa yalikuja na rangi yake. Ya kisima hayakuchemshwa hata siku moja. Kuyachemsha kungekuwa kama kumwambia marehemu kwamba sadaka yake ina kasoro. Mgeni wa heshima alipewa ya kisima, baridi, kwenye bilauri nzuri. Mgonjwa naye alipewa hayo hayo, baada ya kusomewa Yasini.

Ilianza wakati wa mvua kubwa, zile zinazogeuza mitaa yetu kuwa mito. Homa ilikuja jioni ikaondoka asubuhi, ikarudi tena jioni imejipanga vizuri zaidi. Kichwa kilikuwa kizito, ulimi mweupe, chakula kikanuka hata kabla hakijapikwa. Famasi walinipa dawa za malaria, kama wanavyompa kila mtu. Nilimeza zote. Mama akanisomea, akanipa jagi la maji ya kisima. Nilipolimaliza akanijazia lingine. Nilikuwa na kiu ile ya homa, nikamshukuru.

Dawa za malaria zilipokwisha bila nafuu, nikaenda kupanga foleni kwenye kituo cha afya. Huko ukifika huulizi daktari yuko wapi, unauliza, "Wa mwisho ni nani?" Mtu anainua kidole bila kukutazama, na kuanzia hapo mgongo wake ndio saa yako. Nilikaa nyuma ya mzee mwenye kikohozi asubuhi nzima, nikarudi kesho yake, na kesho yake tena. Mara wamefunga, mara majibu hayajatoka, mara kipimo kimeisha. Nikawa nalala kwenye benchi na kichwa changu begani kwa mtu nisiyemjua, na hakuna aliyenisukuma. Watu wa benchi ni watu wema sana, utaona.

Majibu hayakunikuta. Asubuhi moja, nikiwa kitandani kwangu, kitu kiliachia ndani ya tumbo. Maumivu niliyowahi kuyajua kabla ya hapo yote yalikuwa mchezo. Tumbo likawa gumu kama ubao, sikuweza kukohoa wala kulia vizuri. Mama alimpigia Salha simu, na Salha alikuja na gari akiwa bado na nguo za kulalia. Nakumbuka matope yalivyokuwa yakirukia vioo. Nakumbuka kijana mmoja wa hospitali akiniambia, "Dada, hesabu na mimi," kwa Kifaransa, na mimi nikamjibu kwamba sijui hesabu, nauza vitambaa. Baada ya hapo sikumbuki.

Nilipozinduka nilikuwa na mshono kutoka kifuani mpaka chini ya kitovu, na ubavuni, upande wa kulia, mfuko. Daktari alieleza taratibu. Ilikuwa tifoide, imeutoboa utumbo, wameosha tumbo lote, na kipande cha utumbo wamekitoa nje ili kilichobaki ndani kipumzike. Choo kingepitia hapo kwa miezi kadhaa. Baadaye, nikinenepa na nikipona vizuri, watanifungua tena wakirudishe ndani.

"Madame, utumbo yako imevumilia mara moja," alisema. "Ikirudi tena hii ugonjwa, mi siahidi kitu. Unakunywaka maji gani?"

Salha akajibu kabla yangu. "Ya kisima. Ya nyumbani."

Mama alikuwa amesimama miguuni pangu. Alitazama dirishani.

Hospitali zetu zinataka kila mgonjwa awe na mtu wake wa kumlinda, wa kumwosha, kumlisha, kumfulia na kukimbia kununua dawa. Tunamwita gadi-malade. Wangu alikuwa Salha. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na bibi mmoja mgonjwa wa figo, na gadi-malade wake alikuwa mkwewe, Mama Furaha, Mkongomani wa Uvira anayekaa Kinama na kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya sokoni, ambaye alifanya wodi nzima iwe nyumba yake.

Siku ya kwanza mfuko uliponguruma mbele za watu, nilijifunika shuka nikalia. Mama Furaha alilifunua.

"Unalia nini, we? Tumbo yako imepata mudomo. Iache iseme."

Wodi ikacheka. Mimi nilikasirika kwa dakika nzima, kisha nikacheka, na kucheka kukaniuma kwenye mshono hadi nikamwomba anyamaze. Yeye ndiye aliyenifundisha yale ambayo manesi hawakuwa na muda nayo: kukata tundu la mfuko lilingane na mwili ili ngozi isiungue, kupaka uji mzito wa unga wa mhogo palipochubuka, kufunga kitenge kwa namna ya kuushika mfuko bila kuubana. Mifuko ilipokosekana famasi, alinionyesha jinsi ya kufunga plastiki safi na kitambaa laini. Marehemu dada yake aliwahi kuwa na mfuko kama wangu, ndiyo maana alijua.

Nikawa nakonda mpaka pete ikatoka kidoleni yenyewe. Nywele zilianza kubaki kwenye mto, kwanza chache, halafu mashungi. Nesi mmoja alizichana zilizobaki polepole, akazisuka mistari miwili, akasema nimependeza. Alikuwa anadanganya na tulijua wote, lakini uongo ule nauombea dua mpaka leo.

Wakati huo Salha alichukua chupa ya maji ya kisima akaipeleka kupimwa. Aliporudi hakutaka kuniambia mbele ya Mama, lakini Mama alimlazimisha.

"Yule wa laboratwari amesema hii maji usimpe hata mutu unayemuchukia."

"Alijua ni ya nani?" Mama akauliza.

"Mama, maji haiko na jina!"

"Hii iko na jina. Ni ya baba yenu. Mi nakunywa miaka yote, niko muzima. Mutaa wote unakunywa. Nuru amekula kitu huko sokoni."

"Jirani amejenga vyoo nyuma ya ukuta, Mama. Vyumba vyote vile vya kupanga, vyoo vyao viko hapo karibu na kisima. Mvua ikinyesha inaenda wapi?"

"Apana. Mukitaka kumukatia baba yenu thawabu, mungoje nife."

Hayo waliyasema juu ya mwili wangu, mmoja kulia mmoja kushoto, kana kwamba mimi ni meza. Nilifumba macho. Nilimpenda Mama na nilitaka kumrushia kikombe.

Na kulikuwa na jambo jingine. Siku moja nilimsikia akiongea na simu kibarazani: "Nuru? Ameenda Kigoma, kwa wajomba zake, kupumuzika." Aliona aibu. Kwetu magonjwa ya tumbo na choo hayasemwi, na binti aliyeachika, tena mwenye mfuko, ni mambo mawili mazito kuyabeba mtaani. Nikamwacha. Nilikuwa mnyonge mno hata kuwa na hasira ya kutosha.

Walinitoa hospitali mvua zikiwa zimekatika. Salha akanichukua Mutanga Nord, na hapo likawekwa wazi jambo lililokuwa linanikera kuliko kovu: nyumbani sitarudi. Si kwamba nilifukuzwa. Kisima kiko wazi, Mama anakunywa maji yale, anaoshea vyombo kwa maji yale, na daktari ameshasema tumbo langu halina mara ya pili. Ama kisima kifungwe, ama mimi niwe mgeni kwa dada yangu maisha yangu yote. Na Mama alikuwa amechagua kisima. Hivyo ndivyo nilivyoliona, na liliniuma hivyo hivyo.

Kiangazi kizima nilikaa kwenye baraza ya Salha. Kama uko kwenye kipindi hicho sasa, nakupa pole, maana ni kirefu na hakina habari. Unakula kidogo, unaongeza chumvi, unamwaga mfuko, unalala. Unachagua kiti kwa kufikiria mlango wa choo uko wapi. Sala nilizisali kwa hukumu ya mgonjwa asiyeweza kuulinda udhu wake, kwa kuwa mfuko hauna adabu ya kusubiri mtu amalize rakaa. Lakini siku moja nikala wali bila kuogopa. Siku nyingine nikashuka ngazi bila kushika ukuta. Nywele ndogo ndogo zikaanza kuota, zimesimama kama za mtoto mchanga. Mama Furaha alikuja kutoka Kinama na ndagala za kukaanga, akanikagua mashavu kama anayenunua mbuzi, akasema, "Sasa unaanza kufanana na mutu."

Mama alikuja kila Ijumaa. Alileta mchuzi, alileta sambusa nisizoruhusiwa, alinipaka mafuta miguuni. Kuhusu kisima hakusema. Na ule mfuko hakuwahi kuuona. Nilipokwenda kuumwaga alianza kuzungumza na Salha kwa sauti ya juu kuhusu bei ya nyama. Sisi sote tulikuwa tukimsaidia asiuone.

Mwisho wa kiangazi nilirudi kwa daktari. Akanipima uzito, akabonyeza huku na huku, akatabasamu.

"Tutafunga. Mvua ikianza, uko tayari. Lakini niambie kwanza: nikikufunga, unaenda kunywa maji gani?"

Nikamwambia nitabaki kwa dada. Alitikisa kichwa kama mtu anayejua kuna kitu hakijasemwa.

Nilipotoka nje, kwenye benchi la kusubiri, niliona mwanamke amempakata msichana mkubwa wa shule, miguu yake mirefu imening'inia. Alikuwa Mama Divine, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alinitazama kanga, akanitazama uso, akashtuka.

"Nuru? Si tulisikia uko Kigoma? Mungu wangu, umekonda namna gani!"

"Divine ana nini?"

"Homa. Wiki nzima, jioni jioni. Famasi wamemupa ya malaria, haiendi."

"Munakunywa maji gani?"

Akacheka kidogo, kana kwamba swali lenyewe ni la ajabu. "Si ya kwenu? Ya sadaka. Ile njo maji ya muzuri."

Nikakaa. Nikamshika mkono nikamwambia yote, pale pale, mbele ya benchi zima, pamoja na Kigoma ambako sikwenda. Nilimwambia asikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya malaria, aseme tifoide, aseme wapime. Nikamrudia daktari wangu nikamwomba amtazame yule msichana, naye akatoka akamwona. Nikutulize moyo mapema: Divine alitibiwa kabla hajatoboka. Alirudi shule muhula ukiwa bado haujaisha. Lakini mchana ule sikulijua hilo. Nilichukua teksi, si ya Mutanga Nord. Nilikwenda Nyakabiga.

Mama alikuwa uani, anaosha sufuria. Karibu naye ndoo imejaa maji ya kisima.

"Nuru? Umekuja peke yako?"

"Mama, Divine anaumwa. Ile ile homa yangu."

"Watoto wanaumwa homa."

"Anakunywa hapa!"

"Usinipigie kelele mbele ya kisima ya baba yako."

Nikapiga kelele zaidi. Nilisema mambo ambayo binti hasemi kwa mama yake. Nilimwambia anampenda maiti kuliko mtoto aliye hai. Na katikati ya hilo neno, mfuko ukaachia.

Ulibanduka wote, kutoka juu mpaka chini. Vuguvugu lilishuka pajani, harufu ikapanda. Nilisimama na mikono imeachana na mwili, kama mtoto aliyejikojolea darasani. Hasira yote ilinitoka ikabaki aibu tupu.

Mama alinitazama. Halafu akanishika kiwiko, akanipeleka bafuni.

"Vua."

"Nitafanya mwenyewe, Mama. Toka tu."

"Nimesema vua. Mi njo nimekuzaa."

Nikavua. Na Mama, kwa mara ya kwanza, akaona. Aliona kovu, aliona mbavu, aliona kile kipande cha utumbo wangu kimetokeza nje, chekundu, kibichi, kinajikunja na kujikunjua chenyewe. Alishika ukuta. Hakulia. Alifunga kanga yake kiunoni vizuri, akatoka, akarudi na ile ndoo ya uani na kopo. Akachota. Akainua kopo mpaka karibu na tumbo langu.

Mkono ukasimama hapo hapo.

Nilikuwa namtazama usoni. Aliyatazama maji ndani ya kopo. Alitazama utumbo. Kisha akayarudisha maji kwenye ndoo, polepole, akaibeba ndoo yenyewe akaimwaga nje. Nikasikia yakienda mferejini.

Akaenda jikoni, akarudi na chupa ya chai yenye maji yaliyochemshwa na mabakuli mawili. Yalikuwa ya moto sana na hakukuwa na ya kuyapoza. Akachuchumaa sakafuni akawa anayahamisha kutoka bakuli hili kwenda lile, tena na tena, akipuliza, akijaribu kwa kidole, na mimi nimesimama uchi, nanuka, nangoja. Yalipopoa akaniosha. Alianza na miguu, akapanda. Pale palipo pekundu alipita kwa ncha za vidole, kama mtu anayemwosha mtoto macho.

Alipomaliza kunikausha ndipo akasema.

"Maji siwezi kumwagia mutoto wangu kwenye kidonda. Na nawapa watu wakunywe, kwa jina ya baba yako."

Akakaa kwenye ukingo wa beseni, na sasa akalia.

"Ataniuliza, Nuru. Siku ya kukutana ataniuliza, kisima yangu umefanya nini?"

"Baba alichimba maji safi, Mama. Uchafu umekuja baada yake. Hana deni hapo, na wewe huna."

Sijui kama niliamini nilichosema wakati nakisema. Leo naamini.

Alasiri ya siku ile geti lilifunguliwa kama kawaida, watu wakaingia na bidoni, wakamkuta Mama amesimama mbele ya kisima, kifuniko kimewekwa na jiwe juu yake. Aliwaambia kwa sauti ambayo jirani mwenye vyoo angeisikia.

"Nuru hakuendaka Kigoma. Nilidanganya. Alikuwa hospitali, utumbo imetoboka. Ni hii maji. Na Divine anaumwa, ni hii maji. Nawaomba munisamehe, na mumuombee musamaha mume wangu, yeye hakujua."

Wengine walimkumbatia. Wengine walinung'unika, na walikuwa na haki, maana bomba lilikuwa kavu wiki ile. Mwanaume mmoja akasema matajiri wakichoka na maskini hutafuta sababu. Mama aliingia stoo akatoa lile sufuria la biriani za harusi, akaliweka juu ya mafiga uani, na tangu hapo kila bomba linapotoa maji anayachemsha humo, ya kunywa tu, na watu huja na chupa ndogo badala ya bidoni. Hayatoshi mtaa mzima. Vyoo vya jirani bado viko pale pale, tunaendelea kuvutana naye. Lakini ndani ya nyumba yetu hakuna tena tone la kisima, na mimi nilirudi kulala kwenye kitanda changu.

Mvua ya kwanza ilinyesha nikiwa nasubiri kuingizwa chumba cha upasuaji. Safari hii gadi-malade wangu alikuwa Mama. Salha alibisha, akasema mama mzima atalalaje sakafuni. Mama akamwambia nenda kapike.

Kuna jambo hawatakuambia mapema, nami nakuambia: baada ya kuunganishwa utumbo, dunia nzima inasubiri ujambe. Samahani kwa neno, sina jingine. Bila hilo hawajui kama njia imefunguka. Hupewi chakula, hupewi maji, unalowanishwa midomo kwa pamba tu. Kila asubuhi daktari aliingia akauliza, "Gaz? Umetoa gaz?" na kila asubuhi nikatikisa kichwa kama mwanafunzi asiyejua somo. Mama Furaha alipiga simu kutoka Kinama: "Ngoma imelia?" Haijalia. Tumbo likaanza kujaa, kukaza. Daktari akaacha kutabasamu, akasema tungoje kidogo tena, la sivyo huenda ikabidi wafungue upya. Mama aligeukia ukutani akajifanya anakunja nguo.

Nilikuwa na hofu kuliko mara ya kwanza. Mara ya kwanza sikujua ninachokipoteza.

Alasiri Mama alitandaza mswala wake kati ya kitanda changu na cha jirani. Mimi nilitayamamu, yaani nikachukua udhu kwa vumbi badala ya maji, nikamfuata nikiwa nimelala, kwa ishara za macho. Lazima umjue Mama ili uelewe kitu hiki. Mama hakati sala. Katika ile miaka mibaya, risasi zikilia mtaani na sisi watoto tumelala chini ya meza, alimaliza rakaa zake nne bila kuharakisha.

Tulikuwa kwenye rakaa ya pili. Kitu kikazunguka tumboni, kikashuka, kikakwama, kikashuka tena. Kisha kikatoka. Na kilitoka kwa sauti.

Halafu Mama, aliyekuwa amesimama mikono kifuani, akageuka mzima mzima, ushungi umemwangukia jicho moja.

"Infirmière!" alipiga kelele. "Infirmière, njoo! Ametoa! Nuru wangu ametoa!"

Nesi alikuja mbio akidhani kuna aliyekufa. Wodi ilipiga makofi. Daktari akaja, akasikiliza tumbo, akasema kesho nianze vijiko vya maji, na vikikaa vizuri, wiki ijayo niende nyumbani. Mama alinishika uso kwa mikono miwili, machozi na kicheko vinamtoka pamoja.

"Udhu yako imevunjika, we mutoto."

"Na sala yako imevunjika, Mama."

"Alhamdulillahi. Ivunjike."

Alijifunga ushungi vizuri, akaunyoosha mswala, akaningoja nitayamamu tena. Tukaanza upya, tangu mwanzo.